Kisa cha kambi ya shanga Lushoto: oda ya sendofu ilivyoingia kwenye mapumziko

Kabla sijaanza

Hiki kisa nakiandika kwa ajili ya vikundi vingine vya watunga shanga vinavyofikiria kwenda mahali wikendi nzima kushona pamoja, maana maswali ni yaleyale kila nikikutana na watu, mlikaaje, mlichangaje, nani alifundisha, na mbona sisi tulienda tukarudi tumenuniana. Majina yote nimetoa, nyumba tuliyofikia siitaji, na hela nimezizungusha zikae namba nzima. Mi nilikuwepo kama mwanachama wa kawaida tu, kamati sikuwemo. Mwenye oda kaisoma, mwenyekiti kaisoma, wote wamesema itoke.

Kikundi chenyewe

Ni wanawake wa Dar, wengi kati ya miaka 30 na 60, na kijana mmoja wa kiume anayeshona makobazi ya shanga kutushinda wote. Walijuana kwa njia ya manunuzi, unaenda Kariakoo kufuata shanga unamkuta mwenzio anabishana bei kwenye kibanda hichohicho, mnapeana namba, baadae grupu la WhatsApp linazaliwa, watu wanaanza kuoneshana kazi.

Ila ndani ya kikundi kuna watu wa aina mbili, na hili mlishike maana ndo mzizi wa kila kitu kitakachofuata. Wa kwanza wanaishi kwa shanga. Bangili, hereni, makobazi, shanga za kiunoni, oda za sendofu na kicheni pati, hiyo ndo ada ya mtoto na kodi ya nyumba. Wa pili wana kazi zao, nesi, mwalimu, mtu wa benki, mstaafu, wanatunga usiku kutuliza kichwa na wakimaliza bangili wanampa mtu bure. Hawa wa pili ndo mara nyingi wana shanga nzuri, za Cheki na za Kijapani za kampuni ya Miyuki, kwa sababu hawanunui kwa hesabu ya faida. Wa kwanza wana mkono wa haraka ambao wa pili hawataupata hata wakeshe. Kuna kijiwivu cha pande zote mbili, hakisemwi.

Wazo la kambi lilitoka kwa mstaafu mmoja, wote tunamwita Mama Mkubwa, akataka tutoke nje ya joto la Dar, simu zipungue, watoto wasiwepo, tushone. Tangazo likaandikwa na kamati: "Kambi ya shanga Lushoto. Mapumziko, mafunzo na fursa." Lisome tena hilo tangazo. Mambo matatu kwenye mstari mmoja, na kila mtu alichukua lake akaliacha lingine. Nesi aliona mapumziko. Wa biashara waliona fursa.

Hesabu na maandalizi

Watu 16, mchango 150,000 kila mmoja, jumla 2,400,000. Kukodi Coaster kwenda na kurudi 900,000, malazi usiku mbili 800,000, chakula 400,000, vifaa 192,000, mwalimu 80,000. Ikabaki 28,000 ya dharura, yaani dharura yenyewe ingekuwa tairi tumekwisha.

Kwenye vifaa kamati ilifanya uamuzi ambao kwa nia ulikuwa mzuri: kila mtu apewe pakiti moja, zote sawa, ya kutengeneza pochi ya simu kwa mshono wa peyote, ule wa kushona shanga moja moja zikipishana kama matofali, shanga za saizi 11/0. Sababu walizotoa ni kwamba wote tutakuwa ukurasa mmoja wa mchoro, hakuna atakayeonekana fundi au mjinga, na picha ya mwisho itapendeza, watu 16 na pochi 16.

Kwa wasiojua hizi namba, kadri namba inavyokuwa kubwa ndo shanga inavyokuwa ndogo. 6/0 ina kama milimita 4, 8/0 kama 3, 11/0 ni kama 2 hivi. Sasa upande mmoja tu wa pochi, sentimita 10 kwa 17, kwa 11/0 unakula shanga elfu tano na ushee. Pande mbili ni elfu kumi. Hapo haujafunga mkanda wala haujaweka zipu. Hakuna binadamu anamaliza hiyo Ijumaa jioni mpaka Jumapili mchana labda asilale wala asile wala asiongee, na mtu asiyeongea kafuata nini kambini? Aliyepanga alikuwa anashona kwa 6/0 miaka yote, akakadiria kwa mkono wake.

Mwalimu alikuwa bibi mmoja Mparakuyo, ndugu wa Wamasai, kutoka huko chini nyika, upande wa Korogwe, tutamwita Koko, yaani bibi kwa Kimasai, kama tulivyokuwa tunamwita. Alikubaliwa aje Jumamosi saa nne asubuhi atufundishe ile mikufu bapa ya mduara inayosimama kwa waya.

Kitu kimoja hakikuulizwa na mtu yeyote: mwanga. Tulienda kipindi cha baridi. Mnaoijua Lushoto mnajua, ukitoka Mombo ukaanza kupanda zile kona kupitia Soni, sweta linaanza kutafutwa, na kule juu kuna siku ukungu unakaa mpaka mchana. Ukumbi tuliopewa ulikuwa na madirisha madogo upande mmoja na balbu mbili za njano. Kwa mkutano unatosha kabisa. Kwa shanga ya milimita 2 na macho ya watu waliopita 40 ambao wengine miwani ya kusomea wameisahau Dar, ni balaa.

Ijumaa: ilivyoanza vizuri

Safari ilikuwa nzuri, Coaster nzima inaimba. Tukafika jioni, chai ya moto, maandazi, meza zikaunganishwa. Kabla pakiti hazijagawiwa Mama Mkubwa akatoa mkoba wake akamwaga mezani kila kiporo alichonacho, bangili nusu, hereni moja isiyo na pacha, mkufu ulioanzwa sijui mwaka gani. Wengine nao wakatoa vyao. Ile saa moja na nusu kabla ya chakula ilikuwa tamu sana, mtu anaonesha alipokwama, mwingine anasema hebu lete, anafumua safu tatu anarudisha, "umeona, ulikuwa unavuta uzi kabla hujageuza." Hakuna mwalimu hapo wala ratiba.

Alafu kukatokea biashara ndogo ya kubadilishana shanga zilizobaki, kijiko kwa kijiko. Kijiko kimoja cha chai cha nyekundu yako, kijiko kimoja cha kijani yangu. Hapo ndo nilijifunza kuwa zambarau na pinki za bei rahisi usizichukue bila kuzijaribu, nyingi rangi yake ni ya kupakwa, na dada mmoja akatuonesha palepale, kachovya pamba kwenye kitoa rangi ya kucha akasugua, pamba ikatoka na pinki yote, shanga ikabaki kioo cheupe. Mwenye shanga alitamani ardhi ipasuke, alikuwa ameshauza mikufu ya hizo.

Kwenye chakula cha usiku simu ya mmoja wetu ikaita. Nitamwita Dada wa Oda. Ni fundi hasa, anaishi kwa hii kazi. Akatoka nje akarudi anacheka mpaka jino la mwisho: oda ya bangili 60 kwa ajili ya sendofu, kamati ya kina mama wote wavae sare, rangi za kitenge chao, bluu iliyoiva na dhahabu na nyeupe, 8,000 moja, jumla 480,000, advansi 240,000 imeshaingia kwenye simu. Zinatakiwa Jumanne.

Ukumbi ulipiga vigelegele. Mtu akasema, na hakuna anayekubali leo kuwa ni yeye, "si tupo hapa mikono 16, tukusaidie dada." Watu wakaitikia. Mwenyekiti hakusema kitu. Baadae aliniambia aliona vibaya kumkatia mwenzie furaha mbele za watu, na kiukweli mtu yeyote aliyelelewa vizuri angeona vibaya.

Jumamosi asubuhi

Saa mbili na nusu meza zote zilikuwa za bangili. Zile pakiti za pochi zikapangwa pembeni kwenye dirisha. Bangili zenyewe ni za ule waya mgumu unaojikunja wenyewe, mizunguko mitatu, unaingiza shanga mpaka mwisho unakunja ncha kwa plaizi. Kazi rahisi ila inataka muda, mzunguko mmoja unaenda na shanga kama 125 za 11/0, kwahiyo bangili moja inakaribia 380, mkono wa kawaida dakika 40. Sitini mara dakika arobaini ni masaa arobaini. Dada wa Oda alipiga hesabu hiyo kwa sauti, watu kumi masaa manne tumemaliza, saa saba tunakula tumemaliza. Kwenye karatasi hesabu haina kosa.

Shanga za oda alikuwa nazo nyingi maana huwa hatembei bila mzigo, na waya roli zima. Bluu ndo haikutosha. Ikaamuliwa watu wajazie kutoka kwenye bakuli za wote. Kwenye pakiti za pochi kulikuwa na nyeusi nyingi, na mtu akaimwaga kwenye bakuli la pamoja. Chini ya balbu ya njano na ukungu dirishani, bluu iliyoiva na nyeusi ni kitu kimoja, uongo mbaya. Unaziangalia zote zinakuwa giza.

Saa nne kamili Koko akafika, kaja na mjukuu wake, kapambwa, kabeba mfuko wake. Tukasimama kumwamkia, wanaojua salamu ya Kimasai wakasema takwenya akaitikia iko, wengine shikamoo, akaketishwa, chai ikaletwa. Alafu kila mtu akarudi kwenye bangili. Mwenyekiti akamwomba Koko avumilie kidogo, kuna kazi ya haraka. Kidogo ikawa masaa mawili. Mgeni, mtu mzima, amesafirishwa kutoka huko chini, amekaa anaangalia migongo ya watu. Mama Mkubwa alikuwa mwekundu machoni, akatoka akaenda kukaa nje.

Koko mwenyewe hakulalamika. Akafungua mfuko wake, akatoa waya na shanga na kile kipande cha plastiki alichokata kwenye dumu, zamani walikuwa wanatumia ngozi kutenganisha zile safu, siku hizi dumu linafanya kazi hiyohiyo, akaanza mkufu wake mwenyewe barazani. Nesi akamfuata. Kijana wa makobazi akamfuata. Wakawa watu watano huko nje, na ndani kumi na moja.

Saa tisa alasiri

Ukungu ulipoachia jua likaingia mpaka barazani, na mtu mmoja akatoka na bangili tatu azipige picha ampelekee mteja. Akaziona. Akarudi akachukua zingine. Kati ya bangili 41 zilizokuwa zimekamilika, 14 zilikuwa na nyeusi mahali pa bluu, nyingine nyeusi tupu na nyingine zimechanganyika shanga moja moja, makande kabisa. Na ukiziweka pamoja kwenye jua ukaona mengine: ncha zimekunjwa kila mtu kivyake, wengine kaduara kadogo wengine kakubwa, wengine wamehesabu dhahabu kumi kila hatua wengine wamekadiria kwa jicho. Bangili nzuri moja moja. Ila siyo sare, na mteja kanunua sare.

Ukumbi ulinyamaza, alafu ukaanza kusema kwa pamoja. Dada wa Oda akauliza nani kamwaga nyeusi, swali ambalo halikuwa na faida yoyote saa ile. Mwanachama mmoja, yule ambaye kazi yake ni ualimu, akajibu kwamba yeye kalipa 150,000 kuja kupumzika na toka asubuhi anafanya kibarua cha bure na sasa anaulizwa kama mwizi. Likawa limesemwa.

Uamuzi uliofanyika na sababu zake

Mwenyekiti aliita kikao cha muda mfupi palepale. Kulikuwa na mapendekezo matatu. La kwanza, oda isimame kabisa, mwenye nayo akamalizie Dar. La pili, wote tukaze tumalize usiku, kesho tupumzike. La tatu, lililoletwa na kijana wa makobazi ambaye huwa haongei, oda ihamie chumba cha kulia chenye dirisha kubwa, waende wanaotaka tu, walipwe kwa bangili, na ukumbi na baraza virudi kwa kambi.

Likapita la tatu. Bei ikakubaliwa 2,500 kwa bangili iliyopita ukaguzi, mkaguzi ni Dada wa Oda mwenyewe, ncha zote anakunja yeye ili zifanane. Watu wanne wakaenda naye, wote ni wale wanaoishi kwa shanga, na nilivyowaona walienda kwa moyo mweupe. Wengine tukatoka nje kwa Koko.

Sababu ya mwenyekiti kulikataa la kwanza aliisema wazi: advansi imeshaliwa, nusu yake ilishatumwa nyumbani usiku uleule kwa shida ambayo siyo ya kuandika hapa, na mtu hawezi kukaa anafurahia mkufu wakati anajua Jumanne ataitwa tapeli. La pili alilikataa kwa sababu ya macho. Usiku na zile balbu tungerudia kosa lilelile.

Matokeo

Oda: bangili 52 zilifika Jumanne, nane zikafuata Alhamisi kwa punguzo. Mteja alilalamika kidogo, akalipa.

Kambi: alasiri ile na Jumapili asubuhi ndo watu wanayoisema mpaka leo. Koko alifundisha bila karatasi. Anashika uzi wa nailoni mgumu, sindano hatumii, anaingiza shanga kama anachambua mchele, na kila ukimpelekea kazi yako anaangalia kitu kimoja kwanza, rangi zilivyokaa jirani. Ukiweka nyekundu ndefu sana bila kuikata na nyeupe au kitu chepesi anafumua. Hasemi mbaya, anafumua tu. Mtu wa benki alifumuliwa mpaka akacheka. Hakuna aliyemaliza mkufu mzima, wengi walifika mduara wa tano au wa sita, ila walirudi wanajua mkono unaendaje.

Jumapili baada ya chai meza ya viporo ikarudi yenyewe, hakuna aliyeitangaza. Viporo vingi vilimalizika hapo. Pochi, sifuri. Hata moja. Mpaka leo kuna watu wana zile pakiti hawajafungua.

Upande mbaya: malipo. Bangili za alasiri zilihesabiwa kwenye daftari, za asubuhi hakuna aliyehesabu kwa sababu asubuhi ilikuwa "tunamsaidia dada." Sasa waliosaidia asubuhi wakaona wenzao wanalipwa kwa kazi ileile. Dada wa Oda alitaka kuwa muungwana, akagawa kwa makadirio, kila mmoja wa asubuhi 5,000. Wawili wakairudisha wakisema tulijitolea. Mmoja akasema alifanya nne, anastahili 10,000, na baada ya maneno kwenye grupu akajitoa. Alikuwa mtungaji mzuri na alikuwa sahihi kwa hesabu yake.

Mama Mkubwa hakuongea na mwenyekiti kwa kipindi kirefu. Shida yake haikuwa oda, ilikuwa Koko kuwekwa kiporo.

Uchambuzi: nini kilifanya kazi

Nianze na kilichofanya kazi bila kupangwa, viporo. Ukiangalia kwa makini, nyakati zote mbili ambazo watu walifurahi kweli, Ijumaa kabla ya chakula na Jumapili baada ya chai, kila mtu alikuwa na kazi yake mwenyewe mkononi na msaada pembeni. Ukiwa na kiporo una swali. Ukiwa na pakiti mpya sawa na ya wenzio una mashindano, hata kama hamtaki, kila mtu anachungulia wa pembeni kafika safu ya ngapi. Kamati iliogopa tofauti za viwango ikajaribu kuzifuta kwa pakiti moja, wakati tofauti ndo zilikuwa faida ya kambi. Fundi wa miaka 15 na mtu wa mwaka mmoja wakikaa na viporo vyao hakuna anayeaibika.

Kubadilishana kwa kijiko nako kulifanya kazi, kasoro moja, watu hawakuandika saizi na asili. 11/0 ya kiwanda hiki na 11/0 ya kiwanda kile zinaweza kupishana kidogo, na kwenye peyote ukichanganya kitambaa kinapinda. Kikaratasi kidogo ndani ya mfuko kingetosha.

Na uamuzi wa saa tisa. Wapo wanaoona ulichelewa, ni kweli ulichelewa, ila ulikuwa uamuzi mzuri kwa sababu haukumlazimisha mtu yeyote kuwa mtakatifu. Anayetaka hela aende kwenye hela kwa bei inayojulikana, anayetaka kupumzika apumzike bila kuonekana mchoyo. Asubuhi vitu hivyo viwili vilikuwa vimefungwa kwenye kamba moja.

Nini hakikufanya kazi

Mwanga nauweka wa kwanza, hata kabla ya oda, ingawa wengi wa kikundi wataniambia nimepotoka. Oda bila ule ukumbi wa giza ingeleta manung'uniko tu. Giza ndo lilileta bangili 14 mbovu, na bangili mbovu ndo zilileta ugomvi. Kuchagua sehemu ya kushona shanga kwa kuangalia bei ya vyumba na ubora wa chakula bila kukaa kwenye kiti chenyewe ukajaribu kutofautisha bluu na nyeusi saa mbili asubuhi, hiyo haina utetezi. Wazee wa misafara ya karne ya 19 waliokuwa wanabeba shanga kwenda bara kama hela walijua hili kwa tumbo lao, ukifika kijijini na rangi isiyotakiwa hununui hata mtama. Sisi tulikuwa na madhara madogo tu, ila kosa ni la ukoo huohuo.

La pili ni lile neno "tukusaidie." Kwenye jamii yetu msaada unaotolewa mbele za watu hauna namna ya kukataliwa. Nesi alimaliza zamu ngumu akaomba ruhusa ili aje, angesimama Ijumaa ile aseme mimi sisaidii? Asingeweza. Kwahiyo makubaliano ya Ijumaa usiku hayakuwa makubaliano, yalikuwa vigelegele. Dawa yake siyo kukataza kusaidiana, ni kutoamua jambo la kazi mezani watu wakiwa wanakula na kushangilia. Mwenyekiti angesema tu "hongera sana dada, tutaongea asubuhi baada ya chai," hakuna ambaye angeona kakatiwa furaha.

La tatu, Koko. Hapa sina maelezo mengi, mgeni uliyemwalika na kumlipa ana saa yake. Kama kazi nyingine imeingia, kazi ndo inasubiri. Kwamba yeye aliokoa hali kwa kukaa barazani na kuanza kutunga ni uungwana wake, kamati isijihesabie.

Sasa oda yenyewe. Grupu limegawanyika na mi nina upande. Wapo wanaotaka kambi ijayo iandikwe marufuku oda, simu zizimwe. Hao wengi ni wale wenye mshahara. Ukimwambia mtu anayeishi kwa shanga azime simu wikendi nzima msimu wa sendofu unamwambia asije, na asipokuja mnabaki watu wa kutuliza kichwa hakuna mkono wa haraka wa kuwafundisha. Nafikiri oda iingie na mlango wake, chumba chake na daftari lake kuanzia bangili ya kwanza. Daftari. Lile la alasiri lilikuwa daftari la shule la mjukuu wa Koko, kurasa mbili, na ndo kitu pekee kwenye sakata lote ambacho hakikubishaniwa na mtu.

Yaliyobadilika safari iliyofuata

Tangazo la kambi ya pili lilisema neno moja tu, mapumziko. Pakiti hazikununuliwa, kila mtu aliambiwa aje na viporo visivyopungua viwili na kazi moja anayotaka kuanza. Mtu wa kamati alitangulia kukagua sehemu asubuhi na jioni, akiwa na mfuko wa shanga nyeusi na za bluu. Tochi za kichwani zikanunuliwa kwa hela iliyokuwa ya pakiti. Koko alialikwa tena, kaja, safari hii kapewa asubuhi nzima ya kwanza.

Suala la mchango bado linachemka. Kuna pendekezo kwamba atakayefanya oda kambini alipe zaidi kwa sababu anatumia meza na chumba cha wote, na kuna wanaosema hapana, wote tumelipa sawa kila mtu atumie muda wake atakavyo. Kamati imelipeleka mbele vikao viwili sasa. Yule aliyejitoa kwa ajili ya ile 10,000 ametumiwa ujumbe arudi, na amejibu kwamba atafikiria akishaona hiyo sheria imeandikwaje.